Mfahamu Peter Tabichi, mwalimu aliyefundisha kwa TEHAMA akiwa na kompyuta moja

Shule ina kompyuta moja, intaneti inakatika kila mara na wanafunzi wamejaa darasani. Kwa walimu wengi, hapo ishu ya TEHAMA imeishia.

Kwa Peter Tabichi haikuishia hapo. Machi 24, 2019, jijini Dubai, mwalimu huyu Mkenya wa hisabati na fizikia alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani ya Taasisi ya Varkey, na kupata dola milioni 1 za Marekani. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuitwaa tangu ianze kutolewa mwaka 2015.

Alifundisha wapi?
Shule ya Sekondari Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro, kaunti ya Nakuru. Licha ya jina, kijiji hicho kiko bara, kwenye Bonde la Ufa, ukanda uleule unaopita mkoani Manyara. Mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi 58, na baadhi yao walitembea kilomita 7 kwenda shule.

Alifanyaje?
Alikwenda intaneti kafe, akapakua alichohitaji, akakihifadhi na kukitumia darasani bila mtandao. Kwa njia hiyo alitumia TEHAMA kwenye asilimia 80 ya vipindi vyake. Yaani bando halikutakiwa darasani, lilitakiwa wakati wa maandalizi.

Matokeo je?
Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na vyuo. Mwaka 2018 walifika 26. Timu ya shule ilifuzu maonesho ya kimataifa ya sayansi ya mwaka 2019 huko Arizona, Marekani, kwa kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu.

Lakini kompyuta haikufanya kazi peke yake. Tabichi na wenzake waliwafundisha pia wanafunzi waliobaki nyuma, wakiwafuata hadi nyumbani na mwishoni mwa wiki.

Gharama alilipa nani?
Hapa ndipo pagumu. Tabichi, ambaye ni bruda wa shirika la Wafransisko, alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia jamii. Mwalimu mwenye watoto na kodi ya nyumba hawezi hilo.

Tanzania ina Sera ya TEHAMA kwa Elimumsingi tangu 2007. Mwalimu wa Singe, Babati, anaweza kuiga mbinu ya Tabichi kesho: chagua video fupi, pakua, ijaribu kwenye kompyuta ya shule kabla ya kipindi, kisha gawa wanafunzi kwa makundi wapokezane kutazama.

Ila nauli ya kwenda kafe na pesa ya bando zikitoka mfukoni mwake kila wiki, mbinu hiyo haitadumu. Kwa shule yenye kompyuta moja, kumlipia mwalimu bando la maandalizi ni nafuu kuliko kusubiri chumba kizima cha kompyuta.