Kinole, Shamba la Mama na Chuo cha Wageni

Mwenyeji wangu wa Kinole alinicheka niliposhangaa kuona mdalasini, pilipili manga na mikarafuu nyuma ya nyumba yake. Sisi wa visiwani tunajiona viungo ni vyetu peke yetu! Kinole iko kwenye miteremko ya Uluguru, makao ya machifu wa Kingalu, na Waluguru hufuata ukoo wa mama, hata katika ardhi. Ndiyo maana nilipomuuliza habari za chuo kikuu kilichoko chini mjini Morogoro, alianza na shamba la bibi yake. Wasomi waje, akasema, ila wasimpangie cha kufanya kabla hawajamuuliza.

Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Lakini huko udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi, unaufukia na kuuleta juu ule usiozaa. Kazi ikaongezeka, mavuno yakapungua. Mwaka 1955 uvumilivu ukawaishia, ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Wale mabwana shamba hawakukosa elimu, walikosa masikio.

Sasa tazameni, miaka kumi tu baadaye, 1965, chini ya milima hiyo hiyo kikafunguliwa Chuo cha Kilimo Morogoro, kwa msaada wa Marekani na walimu kutoka Chuo Kikuu cha West Virginia. Kilitoa stashahada. Mwaka 1969 kikageuzwa kuwa Kitivo cha Kilimo chini ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Misitu ikaongezwa 1974, tiba ya mifugo 1976, na safari hii mkono mkubwa ukatoka Norway na Denmark. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari mkoani humo tarehe 12 Aprili 1984. Tarehe 1 Julai mwaka huo kitivo kikawa chuo kikuu kamili, kwa sheria ya Bunge, na kikapewa jina lake: SUA.

Kampasi yake ya Mazimbu ilikuwa skuli ya wakimbizi wa Afrika Kusini, chini ya ANC, iliyokabidhiwa Tanzania mwaka 1992, zama za mzee wetu Mwinyi. Na tangu 2000 shirika la Ubelgiji, APOPO, linafundisha panya buku pale SUA kunusa mabomu ya ardhini, baadaye na kifua kikuu. (Mimi panya simwezi hata akiwa na shahada.)

Na sisi Unguja tunacho cha namna hiyo: chuo cha ualimu cha Chukwani, kilichoanzishwa 1998 na shirika la Kuwait, leo ni SUMAIT. Mgeni akijenga, tunashukuru. Ila mimi chuo nakipima kwa njia yake ya kurudi kijijini. Kwa SUA naipa alama kubwa kazi iliyoanza 1993, mradi wa maendeleo ya kilimo Uluguru, uliokwenda kukaa na wakulima, wakaunda vikundi na kuwekeana akiba. Hapo wanawake walisikilizwa, maana shamba ni lao.

Mwenyeji wangu anaye mpwa anayesoma huko. Likizo iliyopita alirudi na madaftari yake kueleza namna ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, akampa jembe, akamwonyesha kipande kidogo karibu na migomba. Akiyaweza hapo, ataongezewa kingine baada ya masika.