Amana Iliyovunjwa Uchagani



Anayeshika njia ya Sanya Juu kutoka Bomang'ombe huingia nchi ya Siha, iliyokuwa ya Mangi Ngalami. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi huyo huko Old Moshi, pamoja na Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho na wenzao, jumla yao watu 19. Walishtakiwa kula njama ya kuasi. Habari hizo, kama walivyosimulia wazee na kuandika wanahistoria, zilimfikia Kapteni Johannes kutoka kwa Mangi Marealle wa Marangu. Habari ya namna hiyo, twafundishwa katika Surat al-Hujurat, huchunguzwa kwanza. Hapa kamba iliutangulia uchunguzi wa haki.

Hatusemi kwamba Meli alikuwa rafiki wa Wajerumani. Aliwashinda vitani mwaka 1892, nao wakamshinda mwaka uliofuata. Lakini kushindwa na adui mtu huvumilia. Kuuzwa na jirani ni jeraha linaloingia hata ndani ya posa na maziko.

Basi watu hao waliaminianaje tena? Kwa maoni yetu, si kwa hotuba. Mwaka 1925 wenyeji waliolima kahawa waliunda chama chao, na mwaka 1933 ukaja ushirika wa KNCU. Mkulima wa Siha na mkulima wa Marangu wakawa wanauza kwa mlango mmoja, kwa mizani inayoonekana; akipunjwa huyu, hupunjwa na yule. Wala haikuwa safari laini: mwaka 1937 wakulima wenye hasira waliuzukia ushirika huo huo kwa fujo. Kuaminiana kulikokuja kulikuwa kwa watu waliokwisha kujifunza kuuliza.

Mwaka 1951 Wachaga walipiga kura kumchagua Mangi Mkuu wa mlima mzima. Aliyeshinda ni Thomas Marealle, mjukuu wa Marealle yule wa Marangu. Tutafakari hapo, ndugu zetu: nusu karne tu ilikuwa imepita, na watoto wa walionyongwa walikuwa bado hai. Hawakumtwisha mjukuu mzigo wa babu.

Lakini hawakumpa cheo kiwe mali yake. Mwaka 1960 waliulizwa tena kwa kura, wakataka kiongozi wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu. Marealle akaondoka katika cheo, na hapakufungwa kamba mtini.