Mtazamo wa umma kuhusu uhandisi jeni nchini Tanzania

Mtazamo wa umma kuhusu uhandisi jeni nchini Tanzania ni mada inayohusu namna wakulima, walaji, watafiti na serikali walivyoupokea ujio wa viumbe vilivyobadilishwa vinasaba (kwa kifupi GMO), pamoja na juhudi za kuwaelimisha wananchi juu yake. Mjadala ulipamba moto kati ya mwaka 2009, zilipotungwa kanuni za kwanza, na mwaka 2021, Wizara ya Kilimo ilipofuta majaribio ya mbegu hizo. Hofu ya afya ilikuwepo tangu mwanzo, lakini maswali yaliyorudi kila mara yalikuwa mengine: mbegu ni ya nani, hasara italipwa na nani, na nani anastahili kuambiwa kwanza.

Istilahi na matumizi ya mitaani

Uhandisi jeni ni ufundi wa kuingiza, kuondoa au kubadilisha kipande cha DNA ndani ya kiumbe ili kiwe na sifa fulani, kwa mfano mahindi yanayostahimili ukame. Jeni huitwa pia kinasaba (wingi: vinasaba). Bayolojia sanisi huenda mbele zaidi: mtaalamu hupanga upya mfumo mzima wa jeni, kama fundi anayechora ramani ya nyumba kabla ya kujenga, ili hamira au bakteria itengeneze dutu ambayo kwa asili haiitengenezi.

Mitaani jina GMO limebeba vitu vingi visivyo vyake. Katika masoko ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Mbezi Luis, mnunuzi anaweza kuliita hivyo tikiti lisilo na mbegu, papai refu la kisasa au kuku wa nyama anayekomaa kwa wiki chache. Kuku huyo ametokana na kuchagua na kupandisha koo kwa miongo mingi, wala hakuingiziwa jeni maabara. Ndivyo ilivyo kwa mbegu chotara za mahindi na kwa kuku chotara kama Kuroiler na Sasso: chotara ni mtoto wa wazazi wa koo mbili tofauti, na uchotara haumfanyi kuwa GMO.

Mkanganyiko huu una chanzo kinachoeleweka. Jenetikia hufundishwa katika shule za sekondari kwa Kiingereza, na mwanafunzi akirudi nyumbani hana maneno ya kumweleza mzazi wake alichosoma. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ila istilahi zake nyingi zilibaki kitabuni. Kwa hiyo neno moja la mkato likapewa kazi ya kutaja kila kitu kinachokua haraka au kinachotiliwa shaka.

Sheria na kanuni

Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa bayoteknolojia mwaka 2003. Mwaka 2004 ilipitishwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na chini yake zikatungwa kanuni za usalama wa bayoteknolojia za mwaka 2009. Msimamizi mkuu ni Ofisi ya Makamu wa Rais, upande wa mazingira.

Kifungu kilichozua ubishi mkubwa ni cha fidia. Kwa mujibu wake, aliyeingiza au kutumia GMO angewajibika kwa madhara yoyote yatakayotokea, hata kama hakufanya uzembe. Watetezi wa wakulima walikiona kuwa ngao: mkulima wa ekari mbili hana uwezo wa kuthibitisha mahakamani kosa la kampuni kubwa. Watafiti na wafadhili walikiona kuwa kufuli. Mwaka 2015 kanuni zilirekebishwa ili kulegeza masharti hayo kwa ajili ya utafiti, na mlango wa majaribio ukafunguka.

Jaribio la Makutupora

Jaribio la kwanza la shambani lililoidhinishwa lilianza Oktoba 2016 huko Makutupora, mkoani Dodoma, eneo kame linalofahamika zaidi kwa utafiti wa zabibu. Lilikuwa sehemu ya mradi wa WEMA, ulioanza mwaka 2008 ukizihusisha Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini. Mradi uliratibiwa na taasisi ya AATF ya Nairobi, ukifadhiliwa na mfuko wa Bill na Melinda Gates, mfuko wa Howard G. Buffett na shirika la misaada la Marekani. Kampuni ya Monsanto ilitoa jeni bila kudai mrabaha.

Mahindi hayo yalikuwa na jeni iliyotolewa kwa bakteria aitwaye Bacillus subtilis, inayousaidia mmea kuvumilia uhaba wa maji. Baadaye iliunganishwa na jeni ya bakteria mwingine, Bacillus thuringiensis (Bt), inayoua viwavi wanaotoboa mabua. Hoja ya viwavi ilipata nguvu mwaka 2017, viwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika walipoingia mashambani nchini. Shamba lilizungushiwa uzio na kutengwa na mahindi mengine, na mavuno hayakuruhusiwa kuliwa wala kuuzwa.

Mradi huohuo ulikuwa na mbegu za aina mbili. Zile zilizouzwa kwa jina la DroughtTEGO zilikuwa chotara za kawaida zisizo na jeni ya kupandikizwa. Zenye jeni ziliishia ndani ya uzio. Kumweleza mkulima kwamba mbegu mbili za mradi mmoja, zenye lengo moja la kuhimili ukame, hazifanani kabisa kisheria ni kazi inayohitaji muda kuliko semina ya siku moja.

Waelimishaji na wapinzani

Upande wa kuunga mkono, kazi ya kuelimisha ilifanywa hasa na OFAB, jukwaa la bayoteknolojia ya kilimo lililoanzishwa Nairobi mwaka 2006, ambalo tawi lake la Tanzania lilikuwa chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) jijini Dar es Salaam. Jukwaa liliwakutanisha watafiti na waandishi wa habari, wabunge na viongozi wa wakulima, na kuandaa ziara za mashambani na maabara. Katika wilaya ya Kinondoni, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni kilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya bayoteknolojia ya mimea nchini, kikijulikana kwa kazi yake juu ya virusi vya muhogo.

Upande wa pili walikuwepo TABIO, muungano wa asasi zinazotetea bayoanuwai, pamoja na asasi za kilimo hai na mtandao wa wakulima wa MVIWATA. Hoja yao ilianzia kwenye ghala la mkulima. Wakulima wengi wadogo hupanda mbegu walizohifadhi wenyewe au walizopewa na jirani, na Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu ya mwaka 2012 ilikuwa tayari imewatia wasiwasi. Walihoji pia mrabaha uliosamehewa leo utakuwaje kesho, na chavua ikivuka uzio itarudishwaje. Swali la mwisho lina msingi wa kibiolojia: mahindi huchavushwa kwa upepo, tofauti na muhogo unaopandwa kwa vipando vya shina.

Kasoro ya pande zote mbili ilikuwa kusema zaidi kuliko kusikiliza. Elimu ilishuka kutoka juu, na mkulima aliitwa ukumbini akiwa hadhira ya kushawishiwa.

Amri za 2018 na 2021

Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo, Mathew Mtigumwe, aliamuru majaribio yasimamishwe na mabaki yote yateketezwe. Sababu iliyotolewa ni kwamba Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ilikuwa imeanza kutangaza matokeo bila idhini ya serikali. Jaribio lililolindwa kwa uzio lilianguka kwa sababu ya habari iliyotoka nje yake. Januari 2021 Waziri wa Kilimo, Adolf Mkenda, alitangaza kufutwa kwa majaribio ya GMO na kutaka udhibiti mkali zaidi wa mbegu zinazoingizwa nchini.

Nchi jirani

Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012, ikaidhinisha kilimo cha pamba ya Bt Desemba 2019, na Oktoba 2022 baraza la mawaziri likaondoa marufuku. Kesi zikafuata mahakamani. Uganda, yenye utafiti wa ndizi za aina hiyo huko Kawanda, bunge lake lilipitisha muswada mara mbili, 2017 na 2018, na mara zote Rais Yoweri Museveni akaurudisha bila kutia saini. Kwa kuwa mahindi huvuka mipaka kila msimu, uamuzi wa nchi moja huwa pia mjadala wa jirani yake.

Matumizi yasiyozua ubishi

Insulini wanayojidunga wagonjwa wa kisukari hutengenezwa na bakteria au hamira iliyopandikizwa jeni ya binadamu, teknolojia iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982. Ni nadra kusikia ikiitwa GMO. Mgonjwa anaijua faida yake siku hiyohiyo.

Bakteria wa Bt nao wanafahamika Dar es Salaam kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 2000 aina yao asilia, isiyobadilishwa jeni, imenyunyiziwa katika madimbwi ya Kinondoni, Ilala na Temeke ili kuua viluwiluwi vya mbu. Kibaha, mwendo mfupi kutoka Mbezi Luis kwa Barabara ya Morogoro, kilijengwa kiwanda cha viuadudu hivyo kwa ushirikiano na Kuba, na mwaka 2017 Rais John Magufuli aliziagiza halmashauri zikavinunue.

Bayolojia sanisi iligusa kilimo cha Afrika Mashariki kupitia artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria kinachotolewa kwenye mmea wa Artemisia annua. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kuizalisha kwa hamira iliyopangwa upya. Kwa wagonjwa hiyo ilikuwa ahadi ya dawa ya uhakika. Kwa wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda waliolima mmea huo ilikuwa tishio la soko. Bei ya artemisinini ya mmea iliposhuka, hamira ilishindwa kushindana nayo, na kiwanda kikauzwa.

Mbu waliobadilishwa jeni

Mjadala mpya unahusu malaria. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walichapisha katika jarida la Malaria Journal utafiti uliofanywa vijijini katika wilaya za Ulanga na Kilombero. Washiriki hawakuwa wamewahi kusikia habari za mbu waliobadilishwa jeni, lakini walilipima jambo hilo kwa vitu walivyovijua: mbegu chotara na mifugo iliyopandishwa. Neno lilelile linalowachanganya wanunuzi sokoni hapa liligeuka daraja la kuanzia mazungumzo, ingawa ni daraja linalohitaji kufafanuliwa, kwa kuwa mbu wa maabara si chotara.

Mwaka 2025 taasisi hiyo na Chuo cha Imperial cha London walitangaza katika jarida la Nature kwamba mbu waliobadilishwa jeni katika maabara ya Bagamoyo waliweza kuzuia ukuaji wa vimelea vilivyotoka kwa wagonjwa nchini. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, serikali ya Burkina Faso ilisimamisha mradi wa Target Malaria, uliokuwa umeachia mbu madume tasa katika kijiji cha Bana mwaka 2019. Mbu wa Bagamoyo walifanyiwa majaribio hayo ndani ya maabara iliyofungwa, na kuwaachia nje kungehitaji idhini ya mamlaka za nchi na ridhaa ya jamii watakakoruka.