Rodi Kopany: Tarehe ya Njia Panda

Ukitoka Homa Bay kwenda Rongo, kabla hujatembea mbali utafika mahali ambapo barabara huchanua tawi upande wa kulia. Tawi hilo linakwenda Ndhiwa, Mirogi, na hatimaye Karungu kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Hapo kwenye panda ndipo Rodi Kopany. Maduka yamepangana kandokando ya lami, hoteli za chai na samaki zimebanana na vibanda vya nyanya na omena, boda boda wanagombea kivuli, na siku ya mnada wa mifugo ng'ombe na mbuzi hushuka kutoka kila upande. Utingo wa matatu hulitaja jina la mji mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na kila alitajapo humaanisha jambo moja: anayebadilisha gari, ateremke hapa.

Mji huu hauna ngome, hauna mnara, hauna kaburi la shujaa. Atakayeitafuta tarehe yake kwenye majengo ataondoka mikono mitupu, maana majengo ni ya juzi. Tarehe ya Rodi Kopany imo katika njia zake, na katika yale yaliyopita juu yake au yaliyolala mwisho wake. Nasema hivyo kwa sababu miji midogo ya Nyanza Kusini imezoea kujihesabu kuwa haina urithi. Huu unao, na mwingi.

Wenyeji wa pande hizi ni Wajaluo wa Kanyada. Ukishika njia ya kulia unaingia Kanyamwa, halafu Kabuoch, na mbele zaidi Kadem na Karungu. Kila jina hapo ni la ukoo na la ardhi kwa pamoja, kwa hiyo safari ya saa chache kwenye matatu ni kama kusomewa nasaba. Kanyamwa ndiko alikotawala Gor Mahia, mkubwa wa watu wake na mganga aliyeogopwa, aliyeishi hadi enzi za Waingereza. Wazee husimulia kwamba alikuwa akibadilika umbo mbele ya wageni wasimtambue. Mwaka 1968 klabu ya mpira iliyoundwa Nairobi ikachukua jina lake, na mwaka 1987 ikatwaa Kombe la Washindi Afrika. Wapo mashabiki wengi wanaoliimba jina hilo uwanjani bila kujua kwamba lilitoka upande huu, kwenye barabara inayoanzia Rodi.

Lakini kubwa kuliko yote liko mbele ya Mirogi. Maelekezo ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yamewapa wageni kwa miaka mingi yanaanza na mji wetu: pinda Rodi Kopany, pita Mirogi, fika Miranga, kisha fuata kibao. Kibao hicho kinakupeleka Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori, kwenye maboma ya mawe yanayokisiwa kujengwa katika karne ya 16.

Hapa inafaa tusimame, kwa sababu kazi iliyofanyika pale ni ya kushangaza. Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa wastani wa mita moja. Hakuna saruji, hakuna udongo wa kushikizia, hakuna jiwe lililochongwa. Mafundi waliokota mawe ya kila umbo, wakasimamisha uso wa nje na uso wa ndani, kisha wakajaza katikati kwa mawe madogo hadi vyote vitatu vikashikana. Ukuta hauendi moja kwa moja, unapinda na kupinda tena, na mahali palipohitaji nguvu uliongezewa egemeo. Mlango ni mwembamba na mfupi, umewekewa mabamba ya mawe juu, hivi kwamba anayeingia ni lazima ainame. Mgeni mwema ataona ni adabu, na adui ataona ameshapatikana. Ndani kuna mazizi ya ng'ombe, mahali pa nyumba, na bao la mashimo lililochongwa kwenye mwamba. Watu walioishi wakiwa na hofu ya kuvamiwa bado walipata nafasi ya kucheza.

Maboma makuu ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Walioyajenga mwanzo si lazima wawe wale waliokaa humo mwisho. Makundi mbalimbali ya Wabantu na Waluo yalipokezana makao, na kila lililofika lilikarabati kuta badala ya kuzibomoa. Jambo hilo kwangu ndilo lenye thamani kuliko umri wenyewe wa mawe, kwamba ufundi ulivuka kutoka kabila hadi kabila bila kukatika kwa karne kadhaa. Mapema katika karne ya 20 wakazi wa mwisho walihama. Amani ya kulazimishwa na serikali ya kikoloni iliondoa haja ya kuishi ndani ya kuta.

Wala Thimlich si peke yake. Uchunguzi wa mwanaakiolojia Isaya Onjala na wenzake umeorodhesha maeneo 138 yenye majengo 521 ya namna hiyo kusini magharibi mwa Kenya. Mengi yamo katika mashamba ya watu, hayana uzio, na jiwe zuri linapolala bure karibu na mtu anayejenga msingi wa nyumba, hatima yake inajulikana. Thimlich yenyewe iliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1981. Mwaka 2000 iliingia katika orodha ya dunia ya turathi zilizo hatarini inayotolewa na World Monuments Fund. Kenya ilipoipeleka UNESCO mwaka 2015, ombi lilirudishwa likafanyiwe kazi zaidi. Likarudi limeboreshwa, na Juni 2018 kikao cha Manama, Bahrain, kikaikubali Thimlich Ohinga kuwa Urithi wa Dunia, wa saba kwa Kenya.

Tuendelee na barabara hadi ufukoni. Karungu ilikuwa kituo cha serikali ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, kabla makao hayajahamishiwa Kisii. Hapo ndipo yalipopatikana baadhi ya mabaki ya kwanza ya wanyama wa enzi ya Miosini kuwahi kuelezwa kisayansi kutoka Afrika Mashariki, miongoni mwao mnyama wa jamii ya tembo mwenye pembe za taya la chini zilizopindia chini. Mwaka 1911 mtaalamu wa Uingereza, Felix Oswald, alitumwa kuchimba zaidi, na kitabu alichokiandika baadaye kiliitaja nchi hii kwa jina la ugonjwa wake, malale. Mbung'o walikuwa wameua na kuhamisha watu wengi kando ya ziwa. Bonde la Lambwe, magharibi ya njia yetu chini ya mteremko wa Kanyamwa, lilibaki na watu wachache kwa sababu hiyo hiyo, na mahali binadamu alipokimbia wanyama walipata nafasi. Likawa hifadhi mwaka 1966 na Mbuga ya Taifa ya Ruma mwaka 1983. Ndiyo nyumba pekee ya swala aina ya korongo nchini Kenya, na sensa ya wanyamapori ya 2021 iliwakuta 15 tu. Idadi hiyo ni ya kutisha, na ni wachache mno katika Nyanza wanaoijua.

Septemba 1914 vita vya Wazungu vilifika huku. Kikosi cha Wajerumani kiliingia kutoka upande wa Tanganyika, kikaifikia Karungu, kikapanda hadi Kisii, na baada ya mapigano ya tarehe 12 kikarudi kilikotoka. Baadaye dhahabu na shaba za Macalder zilileta wachimbaji na malori, mgodi ukafungwa katika miaka ya 1960. Kisii ilipotengwa na Nyanza Kusini mwanzoni mwa miaka hiyo, Homa Bay ikawa makao makuu ya wilaya, na njia ya Rongo ikapata uzito mpya: karatasi, wagonjwa, wanafunzi na wafungwa wote walipita panda hii. Zamani ziwa ndilo lililobeba mzigo, meli zikitia nanga Kendu Bay na Homa Bay. Kadiri barabara zilivyoimarika, bandari zikapoa na njia panda zikachangamka. Rodi Kopany ni mtoto wa badiliko hilo.

Lami ya kwenda Karungu Bay ilipokamilika, miwa ilipata njia. Kiwanda cha Sukari Industries kilijengwa Ndhiwa, na mkulima ambaye zamani alitegemea kiwanda cha Awendo peke yake akapata mnunuzi wa pili. Tangu hapo trela za miwa, matatu, ng'ombe wa mnada na watoto wa shule wanagawana nafasi ile ile nyembamba kando ya panda.

Sasa niseme ninalolitaka. Tangu Machi 2013 lango liko kaunti moja na nyumba iko nyingine: Rodi Kopany ni ya Homa Bay, Thimlich ni ya Migori. Kuta zinasimamiwa na Makumbusho ya Taifa, barabara ziko chini ya mamlaka za kitaifa, soko liko chini ya kaunti. Kila mmoja ana kipande chake cha safari, na safari nzima haina mwenyewe. Mgeni wa kutoka Kisumu anashuka Rodi, hapati mtu wa kumwonyesha gari la Miranga, hapati karatasi ya kumweleza alipo wala mahali safi pa kujisaidia, anakata tamaa na kupanda gari la kurudi. Hakuna anayehesabu wageni wa namna hiyo, kwa kuwa hawakufika popote pa kuhesabiwa.

Homa Bay imeonwa na nchi nzima hivi karibuni. Sherehe za Madaraka za Juni 2025 zilifanyika hapo, na Agosti mwaka huo huo mkutano mkuu wa ugatuzi. Wageni walilala mjini, wakala samaki, wakapiga picha za ziwa. Kilomita chache kutoka walikolala palikuwa na njia ya kuwafikisha kwenye Urithi wa Dunia.

Kinachohitajika Rodi si jengo la fahari. Kwanza ni sehemu ya kuegesha trela za miwa na malori ya mifugo nje ya barabara, ili mama mwenye meza ya nyanya asiuze akiwa na tairi mgongoni. Mitaro ya maji ya mvua ije pamoja na hiyo, na vyoo vya umma, na soko lenye paa kwa wale wale wanaouza sasa. Nasisitiza wale wale, maana tumeona miji ambako uboreshaji ulianza kwa tingatinga na vibanda vipya vikaishia mikononi mwa wengine. Kisha chumba kimoja chenye ramani, vijana waliofunzwa historia ya Kanyamwa na Thimlich na wakapewa vibali na Makumbusho, na steji ya magari ya Miranga yenye nauli iliyoandikwa ukutani. Kaunti zote mbili ni wanachama wa jumuiya ya kiuchumi ya kanda ya ziwa, yenye kaunti 14, kwa hiyo meza ya kukaa pamoja tayari ipo.

Mpango jumuishi wa maendeleo wa kaunti uliopo unafika mwisho mwaka 2027, na rasimu ya ule utakaofuata itaandaliwa kabla ya hapo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawataka maofisa wawasikilize wananchi wakati wa kuuandika. Watu wa Rodi Kopany waende na ombi lililoandikwa, wenzao wa Miranga wapeleke la namna hiyo hiyo Migori, na maombi yote mawili yataje barabara moja.