Kiko chenye jina la Tanganyika

Kwenye maduka ya vitu vikuukuu huko Ulaya na Marekani, na siku hizi kwenye intaneti, kuna viko vya zamani vya kuvutia tumbaku vyenye maandishi madogo ubavuni: Made in Tanganyika, yaani kimetengenezwa Tanganyika. Mtu wa Manono, Nyunzu au Kalemie akiyasoma atashtuka kidogo. Jimbo lake ndilo linaloitwa hivyo, tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015.

Lakini Tanganyika inayotajwa hapo ni ya ng'ambo ya ziwa, nchi ambayo leo tunaiita Tanzania. Iliungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, na kabla mwaka haujaisha ikachukua jina jipya. Kwa hiyo maneno hayo mawili matatu ni kama cheti cha kuzaliwa. Kiko kilichoandikwa Tanganyika kina asili ya kabla au karibu na 1964, na kilichoandikwa Tanzania ni cha baadaye. Anayekinunua kikiwa kichafu na kukisafisha anaweza kujua umri wake bila kumwuliza mtu, ikiwa tu hajayafuta maandishi hayo kwa msasa. Wengi wameyafuta.

Viko hivyo viliuzwa kwa jina la Kiko, neno la Kiswahili lenyewe, na mara nyingi mrija wake una alama ndogo ya tembo. Hapa Kongo wengi husema pipe kwa Kifaransa, na kijana wa Lubumbashi akisikia "kiko" atadhani mtu anamwambia kitu kipo. Pwani na Tanzania, kiko ni kiko.

Jiwe lake lilichimbwa Sinya, kwenye bonde la Amboseli, mpakani mwa Tanzania na Kenya, katika nchi ya Wamasai chini ya Kilimanjaro. Ni jiwe jepesi, lenye vitundu vidogo sana ndani yake, ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari. Likilowa huwa laini, mtu hulichonga kwa kisu kama sabuni, na likikauka hushika umbo. Kazi yake kwenye kiko ni kunywa unyevu na mafuta ya tumbaku, ili moshi umfikie mvutaji ukiwa mkavu. Kwa miaka mingi jiwe hubadilika rangi, kutoka weupe hadi asali, kutoka asali hadi kahawia.

Miaka ya 1950, kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation ilianza kutengeneza viko vya jiwe hilo Arusha. Baadaye jina likawa Kilimanjaro Pipe Company, na kulikuwa na kazi Nairobi pia. Jiwe la Amboseli ni zito kuliko lile la Uturuki na huvunjika kwa urahisi zaidi, na mara nyingi lina madoa. Wenye kiwanda hawakuyaficha madoa. Walilitia jiwe rangi ya njano, kahawia au nyeusi, wakavisha viko vingine ngozi, na vingine wakavifanya vya mti wa nje na jiwe la ndani. Halafu wakavisafirisha Ulaya vikiwa tayari kuvutwa. Jiwe lilitoka ardhini, likasafiri barabara fupi hadi Arusha, likatoka Arusha likiwa na jina na alama.

Hilo halikuwa jambo la kawaida, na historia ya jiwe hilihili inaonyesha kwa nini. Jiwe la povu lililo bora duniani hutoka Eskişehir, Uturuki. Katika karne ya 19 wachimbaji wa huko walishuka mashimoni, wakatoa mabonge, wakayafunga kwenye masanduku, na masanduku yakaenda Vienna. Mafundi wa Vienna ndio waliochonga vichwa vya wafalme na simba juu ya viko, na ndio waliopata sifa na faida. Mnunuzi wa London au Paris alijua Vienna tu. Eskişehir hakuisikia. Hali hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1970, Uturuki ilipokataza jiwe ghafi kutoka nje ya nchi. Tangu hapo anayetaka kiko cha jiwe hilo hukinunua kikiwa kimechongwa Uturuki, na mafundi wa Eskişehir bado wapo.

Viko vya Arusha havitoki tena. Vilivyobaki ni vile vya mitumba, ambavyo watoto wa mvutaji huvikuta kwenye kabati baada ya msiba na kuviuza kwa bei ndogo. Hapo ndipo kazi ya kuvisafisha inapoanza, na kazi hiyo ina kanuni zake.

Kiko cha kawaida cha Ulaya hutengenezwa kwa mzizi wa kichaka kinachoota kando ya bahari ya Mediterania. Mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa ulijulikana kwa kazi hiyo. Ndani ya bakuli lake hujengeka ukoko mweusi, kama ule wa wali chini ya sufuria. Kwenye mti, ukoko mwembamba ni kinga, maana huzuia moto usile mti. Ukizidi unene, hutanuka kwa joto na kupasua bakuli. Fundi huukwangua polepole mpaka ubaki kama milimita moja. Kisha hujaza bakuli chumvi, hudondosha pombe kali juu yake, namna ya lutuku lakini safi zaidi, na kukiacha kiko usiku kucha. Asubuhi chumvi imekuwa ya kahawia. Imenyonya uchafu na harufu ya miaka thelathini.

Ukifanya hivyo kwenye kiko cha jiwe la Sinya, umekiharibu. Pombe na maji mengi hulilainisha jiwe na kuingiza uchafu ndani zaidi. Ukoko nao hautakiwi kabisa, hata mwembamba, kwa sababu jiwe halihitaji kukingwa na moto na ukoko ukitanuka hulipasua. Huondolewa kwa msasa laini uliozungushwa kidoleni, kidogo kidogo, bila kisu. Nje hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Baadaye hupakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, jiwe likiwa na joto kidogo, nayo nta huingia kwenye vitundu na kurudisha mng'aro. Mrija hauzungushwi kiko kikiwa cha moto. Kilichovishwa ngozi ndicho kigumu kuliko vyote, kwani ngozi ikilowa hujikunja na ikikauka hupasuka.

Mrija wenyewe ni habari nyingine. Ile ya zamani mingi ni mpira uliochanganywa na salfa na kupikwa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Jua na mate huugeuza rangi, ukawa kijani cha matope wenye ladha mbaya ya salfa, na fundi huusugua kwa msasa wa aina nyingi, kutoka mkwaruzo mkubwa hadi ule laini kama karatasi, mpaka weusi urudi. Mpira ni bidhaa ambayo Kongo inaifahamu. Ndiyo iliyotafutwa vijijini kwa fimbo na bunduki wakati wa Leopold II.

Kusafisha hakuondoi madhara ya tumbaku. Kiko kinachong'aa kinaua sawa na kichafu, na anayeweka mdomoni kiko cha mtu mwingine bila kukisafisha anajiongezea hatari ya magonjwa. Wengi wanaovinunua hawavivuti hata hivyo. Huviweka.

Kosa la kawaida, na ambalo mafundi wenyewe hulilalamikia, ni tamaa ya kukifanya kiko kiwe kipya. Msasa ukipita ubavuni mara tatu, maandishi yamekwisha. Kiko kimependeza, lakini hakuna awezaye kusema tena kama kilitoka Arusha, Nairobi au kwingineko. Kimebaki kitu cha kahawia.

Jambo hili linazigusa nyumba za Manono kuliko mtu anavyoweza kudhani. Tumbaku ni mmea wa Amerika. Ilifika pwani za Afrika kwa meli za Wareno baada ya mwaka 1500, na kutoka hapo ikasafiri mikononi mwa Waafrika wenyewe mpaka ndani ya bara. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, hawakuikuta ikiwa ngeni. Burton aliandika kwamba watu wa kando ya ziwa walikuwa na desturi ya kuiloweka tumbaku majini, kumimina maji yake puani na kuibana pua kwa vidole au kwa koleo dogo ili yasitoke. Mtu aliweza kuongea huku pua imebanwa. Upande huu wa ziwa pia, wazee wa kike na wa kiume walivuta kwa bakuli la udongo uliochomwa lenye mrija wa tete, au kwa kibuyu chenye maji.

Vitu hivyo havina maandishi ubavuni. Historia yake iko kwenye uchafu wenyewe: masizi ya ndani, mahali palipolainishwa na kidole gumba cha nyanya, kamba iliyofungwa pale palipopasuka. Familia zilizokimbia mapigano kutoka vijiji vya Manono, Nyunzu na Kabalo zilibeba sufuria, mkeka na watoto. Pale ambapo kitu cha mzee kilibebwa pia, kiwe kiko, kigoda au fimbo, mara nyingi ndicho pekee kilichotoka kwenye nyumba ambayo haipo tena. Kukiosha kwa sabuni na kukisugua mchanga mpaka king'ae, labda kwa sababu mnunuzi amesema kisafishwe kwanza, ni kufuta kile ambacho msasa unafuta kwenye kiko cha Arusha. Kitambaa kikavu kinatosha. Na karatasi moja yenye jina la mzee, kijiji chake na mwaka wa kukimbia, ikiwekwa pamoja na kitu hicho, inafanya kazi ya yale maandishi ya ubavuni.

Kuna na upande wa pili, ule wa mahali kitu kinapokamilishiwa. Manono uliwahi kuwa mji wa aina ya Arusha. Kampuni ya Kibelgiji ya Géomines iliundwa mwaka 1910, na uchimbaji wa bati Manono ukaanza mwaka 1919. Miaka ya 1930 lilijengwa bwawa la umeme la Mpiana-Mwanga kwenye mto Luvua, na umeme wake ukaendesha mitambo ya mji, pamoja na tanuru. Kasiterite iliyeyushwa palepale, na kilichopanda gari kilikuwa bati lenyewe. Wajapani walipoziteka Malaya na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, bati la Kongo likawa na thamani kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wanapigana nao. Haikuwa pepo. Faida ilikwenda Ubelgiji, na mchimbaji hakuulizwa kitu. Lakini tanuru lilikuwa Manono, na fundi wa tanuru alikuwa na kazi ambayo mtoto wake aliweza kuiona na kuitamani.

Baada ya uhuru kampuni ikawa ya pamoja na serikali, ikaitwa Zaïrétain, bei ya bati ikaanguka miaka ya 1980, kisha vita vya mwaka 1998 na kuendelea vikamalizia mitambo iliyobaki. Leo wachimbaji wadogo hutoa kasiterite na koltani kwa koleo na karai, na madini yanaondoka yakiwa ghafi. Na chini ya mashimo yaleyale ya Géomines kuna lithiamu, ambayo kampuni ya AVZ ya Australia na Zijin ya Uchina zimeigombania mbele ya mahakama za usuluhishi za kimataifa. Kelele zote zimekuwa juu ya nani ana kibali. Swali la jiwe litageuzwa kuwa nini, na wapi, limesikika kidogo. Zimbabwe ililijibu kwa upande wake mwezi Desemba 2022, ilipokataza lithiamu ghafi kutoka nje ya nchi.

Magunia ya kasiterite na koltani yanayotoka Manono hufungwa lebo ya plastiki yenye namba, ili mnunuzi ajue yametoka shimo gani. Lebo hiyo husafiri na gunia hadi kwenye tanuru la ng'ambo. Hapo hukatwa kwa kisu, gunia linamwagwa, na kinachotoka upande wa pili kina jina la mji mwingine.