Mpelelezi Asiyevaa Sare

Bwana Msa hakuwahi kukanyaga Jogoo Road. Mzee huyo wa kiko, aliyebuniwa na Mohamed Said Abdulla wa Unguja, alifumbua mafumbo yake kwenye mashamba ya minazi na karafuu, rafiki yake Najum akimfuata nyuma kwa mshangao. Hata hivyo njia yake ya kuwafikia wasomaji ilipitia kwetu. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58, na shirika hilo, lenye makao yake Nairobi, likakichapisha mwaka 1960. Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri vikafuata mwaka 1973 na 1974, navyo vikatolewa na East African Publishing House ya hapa hapa Nairobi. Mpelelezi ambaye wengi humtaja kuwa wa kwanza katika riwaya ya Kiswahili alikuwa Mzanzibari, lakini sisi watoto wa mtaa wa Maringo tulimwona kama mgeni wa jirani ambaye hukosi kumkuta sebuleni.

Nimewaandikia vijana hadithi za upelelezi tangu nilipokuwa bado mwalimu wa Kiswahili. Swali ambalo limenisumbua toka mswada wa kwanza si nani aliyeua. Ni nani atakayeuliza. Unguja ya Bwana Msa, mtu wa heshima hupiga hodi, akakaribishwa, akaletewa kahawa, akaanza kudadisi. Huku kwetu Bahati, Jericho au Kayole, mtu akibisha mlango usiku na kuanza maswali, wa kwanza kushukiwa ni yeye.

Jambo hilo lina historia yake. Serikali ya kikoloni iliijenga mitaa ya zamani ya huku, Shauri Moyo miaka ya 1930, Kaloleni miaka ya 1940, ili iwe na mahali pa kulaza vibarua wake. Nyumba nyingi zilikuwa chumba kimoja, choo na bomba ni vya watu wote, na aliyebisha mlango usiku alikuwa amekuja kutazama kipande. Kisha ikaja Operesheni Anvil, tarehe 24 Aprili 1954. Wanajeshi na polisi waliuzingira mji mzima, wakapita mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000, Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakaishia kizuizini. Mama alikuwa Bahati wakati huo. Hakupenda kuisimulia, ila mpaka alipofariki hakuwahi kufungua mlango gizani kabla ya kuzima taa kwanza na kusimama kando ya fremu.

Uhuru haukuisafisha sana sare ile machoni pa watu. Tom Mboya, ambaye siasa zake zilipikwa kwenye kumbi za mitaa hii, aliuawa kwa risasi mchana kweupe tarehe 5 Julai 1969. Mtu mmoja akashtakiwa, akahukumiwa kunyongwa, na watu wakaendelea kuuliza nani alimtuma. J. M. Kariuki aliuawa Machi 1975, na huko hata wa kunyongwa hakupatikana. Miaka hiyo hiyo Patrick Shaw, polisi wa akiba mwenye mwili wa kiboko, alizunguka Nairobi usiku ndani ya gari lake, na mama zetu walimtaja jina ili tuingie ndani jua likitua. Shaw alifariki mwaka 1988. Msomaji aliyekulia katika hali hiyo, ukimwandikia hadithi ambayo inspekta anawakusanya washukiwa sebuleni na kueleza yote kinagaubaga, atakucheka. Kwanza, sebule yenyewe ipo wapi?

Ndiyo maana wapelelezi wetu waliletwa kutoka nje. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Lance Spearman, yule Spear. Jarida la African Film, la kampuni ya Drum, lilisimulia visa vyake kwa picha za watu halisi. Picha zenyewe zilipigwa kusini mwa Afrika, jarida likauzwa hadi Nairobi. Spear alivaa kofia ya majani na tai ya kipepeo, aliendesha gari la michezo, akapiga karate. Kaka yangu alichanga pesa na wavulana wengine wa safu yetu ya nyumba kununua kila toleo, na kulikuwa na sheria kali kuliko za shule: aliyetoa zaidi anasoma kwanza, wa mwisho anabaki na jarida. Mimi nilisoma baada ya wote, kwa malipo ya kuosha vyombo vilivyokuwa zamu ya kaka. Lilipofika mikononi mwangu lilikuwa linanuka mafuta ya taa na jalada limeshakatwa likabandikwa ukutani.

Wavulana walimpenda Spear. Mimi nilimpenda Lemmy, kijana wake, kwa sababu moja tu: alipita mahali ambapo mwenye tai ya kipepeo angeonekana kutoka mbali.

Barbara Kimenye alilijua jambo hilo mapema. Alizaliwa Uingereza, akafanya kazi Buganda, kisha akaishi Nairobi na kuandikia Daily Nation, huku Oxford wakimchapishia vitabu vya Moses. Moses and the Kidnappers kilitoka mwaka 1968. Mashujaa wake ni wanafunzi watundu wa shule ya bweni mbovu, na taabu zao huzimaliza wenyewe kabla mkubwa hajavaa viatu. Wahakiki wetu huvipita vitabu hivyo haraka, kama vitu vya watoto. Mimi naona vimetufundisha kazi kuliko riwaya nyingi nzito zilizowekwa kwenye mtihani.

Kwa Kiswahili alikuja Willy Gamba wa Elvis Musiba. Katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, kazi inamleta jasusi huyo wa Tanzania mpaka Nairobi, kufuata siri za harakati za ukombozi. Baadaye akaja Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Tuliwasoma kwa pupa, lakini tazama wanakosimama. Gamba anatumwa na serikali yake, na msomaji wa Dar es Salaam ya wakati ule aliweza kuamini kwamba serikali hiyo inafanya kazi kwa niaba yake. Unguja ilimzaa muungwana mdadisi, Dar ikamzaa mjumbe wa taifa. Nairobi ilimzaa nani?

Nairobi ilimzaa mwizi. Charles Mangua alitangulia mwaka 1971 na Son of Woman, ambayo msimulizi wake, Dodge Kiunyu, ni mlaghai mwenye ulimi mtamu. Kisha mwaka 1984 kikatoka My Life in Crime cha John Kiriamiti, mtu aliyefungwa kwa wizi wa mabavu mwaka 1971 na kukiandika kitabu akiwa gerezani. Waliokichapisha, Heinemann ya Nairobi, walikiweka kwenye mfululizo wa Spear Books, jina lililotuchekesha sisi tuliokulia na Spear yule mwingine. Nilikuwa mwalimu mchanga. Nilikinyakua kwa mvulana wa kidato cha pili aliyekuwa amekificha ndani ya kitabu cha jiografia, na usiku huo sikulala. Hatimaye mji uliokuwa ukurasani ulikuwa huu huu tunaoamkia. Nilipomrudishia mwenyewe, nilimuuliza alipenda nini. Akanijibu, "Mwalimu, huyu hajifanyi."

Jibu hilo lilinipa shida ya miaka mingi. Nilitaka kuwaandikia vijana kama yeye hadithi isiyojifanya, lakini ambayo anayefuatwa na msomaji si mwenye bastola. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kufanya Kiswahili kuwa somo la lazima la mtihani, ulifungua soko la vitabu vya ziada, nami nikaingia hapo. Kitabu cha shule hupita kwenye ukaguzi wa taasisi ya mitaala, na wachapishaji hukata makali mapema kwa kuhofia kukataliwa. Mhariri mmoja alinirudishia mswada akiwa amezungushia duara jekundu kila mahali askari anapopokea kitu kidogo. Pembeni ameandika: "Je, hakuna askari mwema?" Yupo, nikamwambia, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu na ana madeni kama mimi. Yeye pia akakatwa, kwa kosa la madeni. Mhariri huyo hakuwa mjinga, alikuwa na mishahara ya kulipa.

Kuhusu pesa, nitasema kidogo tu. Mrabaha wangu umekuwa asilimia 10, na hulipwa mara moja kwa mwaka. Tuzo ya Burt ilipokuja Kenya, ikiwalenga hasa waandishi wa vijana na kununua nakala za vitabu vilivyoshinda, ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Kuna msichana wa Dandora aliyeniletea kitabu changu nikitie sahihi, na kurasa zake zilikuwa na wino uliofifia upande mmoja: nakala ya wizi, aliyoinunua kwenye vitabu vya inama kando ya barabara. Nilitia sahihi. Alikuwa amekisoma mpaka gundi imeachia.

Mtu akinitembelea Umoja atanikuta nimechora ploti kabla sijaandika sentensi. Ghorofa nne, vyumba sita kila ghorofa, ngazi moja, lango moja linalofungwa na msimamizi saa tano usiku, tangi la maji juu ya paa. Fumbo la chumba kilichofungwa kwa ndani, ambalo Wazungu wamelipenda toka zama za Edgar Allan Poe, huku halishiki. Ukuta unapitisha kikohozi, na kwenye ngazi hakukosi mtu anayefua. Kwetu taabu ni kwamba mashahidi ni wengi mno na wote wana sababu ya kunyamaza: mmoja ameunganisha stima kinyemela, mwingine anadaiwa kodi, wa tatu ana mgeni asiyefaa kutajwa. Ilipokuja M-Pesa mwaka 2007 nilidhani imeniua, kwa kuwa ujumbe una jina, kiasi na dakika. Kumbe imenisaidia. Watu husajili laini kwa kitambulisho cha shangazi, na kitendawili kipya kikaanzia hapo.

Mpelelezi wangu sasa ni Mwende, binti wa msimamizi wa ploti. Ana miaka 14, ndiye anayekusanya vidokezo akikusanya pesa za maji, na kila kitu hukiandika kwenye daftari la madeni ya ndoo. Hakuna anayeshangaa akibisha mlango.

Tarehe 10 Aprili 2020 Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema na Ndoto ya Amerika, aligongwa na matatu kwenye Landhies Road, hatua chache kutoka Muthurwa. Zikapita siku kadhaa kabla jamaa zake hawajajua kwamba mwili uko hospitalini, na uchunguzi wa maiti ukataja jeraha la kisu mkononi. Wanafunzi wengi wa Kenya walikuwa wamemsoma. Shule zilipofunguliwa, darasa moja la Kayole halikutaka kabisa kusikia habari za kitabu changu. Walitaka kujua, kwa jeraha lile, alikuwa anamkimbia nani, na mbona katika barabara yenye wachuuzi wengi namna ile hakuna aliyesema. Niliwaambia yaliyoandikwa magazetini, ambayo wao pia walikuwa wameyasoma. Msichana mmoja akaanza kuorodhesha ubaoni vibanda vyote vya upande ule wa barabara, kutoka stendi ya mabasi ya Machakos hadi mzunguko wa City Stadium, na nikamwachia chaki.

Mswada ulio mezani una inspekta, kwa kuwa mchapishaji anamtaka. Anatokea sura ya mwisho, gari lake likiwa limekwama kwenye matope, na Mwende anamletea daftari. Inspekta ananyoosha mkono. Mwende anamwambia atie sahihi kwanza kwamba amelipokea, aandike na tarehe. Mhariri ameuliza kama sahihi hiyo ni ya lazima. Nimemjibu kwamba ni ya lazima, na tarehe pia.