Mizani ya Ini na Pumzi Iliyosahauliwa

Ewe msomaji, mtu wa pwani akipatwa na habari nzito husema imemkata maini. Lugha yetu imeliheshimu ini tangu zamani, na ni haki, kwa kuwa hapana aishiye bila ya kiungo hicho. Lakini ini likijaa makovu, kwa pombe au kwa homa ya ini ya aina ya B, mgonjwa ana muda gani wa kuishi? Swali hili limewashughulisha matabibu kwa miaka mingi.

Mwaka 1964 Child na Turcotte wa Marekani walitoa kipimo cha mambo 5: rangi ya nyongo katika damu, protini ya damu, maji tumboni, kuchanganyikiwa kwa akili, na lishe. Mwaka 1973 Pugh na wenzake wa London waliondoa lishe, wakatia muda wa damu kuganda. Kisha kikaja kipimo kiitwacho MELD, kilichofanyiwa hesabu kwa damu peke yake. Mwaka 2002 Marekani ilianza kukitumia kuamua nani atangulie kupandikizwa ini.

Sasa angalia: hapana hata kimoja katika vipimo hivyo kilichouliza habari za mapafu. Walakini tangu mwaka 1884 tabibu Flückiger alikuwa amekwisha kueleza habari za mgonjwa wa ini mwenye ngozi ya samawati na vidole vilivyovimba ncha. Ini bovu laweza kutanua vishipa vyembamba vya mapafu, damu ikapita mbio bila ya kuchukua oksijeni ya kutosha. Ajabu yake, baadhi ya wagonjwa hao huhema zaidi wakikaa wima, na hupata nafuu wakilala.

Wewe ukaaye Changamwe wayajua malori yatokayo bandarini kwenda bara. Mizani ya Mariakani husema kweli juu ya uzito wa lori, lakini haisemi neno juu ya breki zake. Ndivyo ilivyokuwa MELD. Uchunguzi wa Mayo Clinic uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kuwa, bila ya kupandikizwa ini, asilimia 23 tu ya wenye ugonjwa huu wa mapafu waliishi miaka 5. Wenzao wenye ini bovu kama lao, lakini mapafu mazima, walikuwa asilimia 63. Marekani iliweka sharti la pekee: mgonjwa wa namna hii ambaye kipimo cha oksijeni katika damu yake kimeshuka chini ya 60 husogezwa mbele katika foleni.

Huku kwetu, watoto wa Kenya huchanjwa kukingwa na homa ya ini ya aina ya B, na kinga hiyo ndiyo bora. Hata hivyo, mganga wa zahanati ya Likoni au Kisauni, akiwa na kifaa kidogo cha kubana kidoleni, aweza kumpima mgonjwa wa ini akiwa amelala, kisha akiwa ameketi, akagundua lililofichika.

Basi uonyeshwapo kipimo chochote, usiulize tu kimesema nini. Uliza pia kimeacha nini, na ni nani aumiaye kwa kuachwa huko.